Kati ya ngoma na ukimya: Je, muziki na tafakuri ya Kibudha huponya?

Port Bell, bandari ndogo iliyo umbali wa kilomita kama kumi kutoka katikati ya jiji la Kampala, si mahali ambapo mtu angekwenda kutafuta utulivu. Malori husubiri zamu ya kupakia, mabehewa hushushwa kutoka kwenye meli zivukazo Ziwa Victoria kutoka Mwanza, kiwanda cha bia kiko jirani, na magenge ya samaki hayafungi mapema. Jina lenyewe ni la Hesketh Bell, mtawala wa Kiingereza aliyeiongoza Uganda kuanzia mwaka 1906. Jioni, muziki wa baa hushindana na mazoezi ya kwaya, na vyote viwili hunyamaza kidogo inapotoka adhana.

Juu ya bandari hiyo, kilimani Luzira, kuna gereza kuu la nchi, lililojengwa katika miaka ya 1920. Si mbali na hapo iko Butabika, hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, iliyoanzishwa mwaka 1955. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa kilomita chache wanakutana msafiri aliyewaaga wake, mfungwa aliyetengwa na wake, na mgonjwa ambaye wakati mwingine wake hawamtambui tena.

Ziwa nalo lina maiti zake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Mwezi Novemba 2018 boti ya starehe iitwayo MV Templar ilipinduka katika mwambao wa Mukono, upande huuhuu wa ziwa, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Makala haya yanajaribu kujibu swali linalomhusu kila aliyewahi kupitia mlango mmojawapo kati ya hiyo. Mtu aliyefikwa na msiba, kifungo au maradhi ya akili, wimbo unamsaidia nini? Na kukaa kimya akiifuata pumzi yake, kama Wabudha wafanyavyo, kunamsaidia nini? Wapo walioacha dawa kwa kuambiwa kwamba ibada au nyimbo zitatosha. Wapo pia waliokataa msaada wenye manufaa kwa hofu kwamba wangebadilishwa dini. Wote hawa wanastahili jibu lililo wazi.

Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa. Kuliwaza ni kukaa karibu na mwenye huzuni mpaka uzito wake ubebeke, ingawa haujaondoka. Mfiwa haponi kufiwa, huliwazwa. Anayedai kwamba wimbo fulani unaponya hana budi kuulizwa kwanza ni lipi kati ya hayo mawili analokusudia.

Ngoma ni chombo, na ngoma ni tiba

Wazo kwamba sauti inatibu halikuletwa Afrika Mashariki na wataalamu wa kigeni. Katika visiwa vya Ssese, kusini-magharibi mwa Port Bell, ndiko kulikokuwa na hekalu kuu la Mukasa, roho wa ziwa ambaye Waganda wa kale walimwendea kuomba uzazi, samaki na afya. Katika ibada za namna hiyo ngoma haikuwa pambo. Ndiyo iliyomwita roho, na ndiyo iliyowaonyesha watu kwamba amefika.

Pwani, kutoka Lamu hadi Unguja, ngoma za pepo zilifuata mantiki inayofanana. Mgonjwa aliyeshindikana alipelekwa kwa fundi, na fundi akajaribu mdundo huu na ule mpaka mmoja umtikise mgonjwa. Mdundo uliomtikisa ndio uliomtaja pepo. Huko Unguja, ngoma ya kibuki ina pepo wanaosadikiwa kutoka Bukini, na kila mmoja ana nyimbo na mapendeleo yake. Mtafiti wa Kimarekani John Janzen, aliyefanya uchunguzi wake katika miji kadhaa ikiwemo Dar es Salaam na Kinshasa, alichapisha mwaka 1992 kitabu kizima juu ya neno hilo moja, ngoma. Alionyesha kwamba kutoka Kongo hadi Afrika Kusini neno hilo, au jamaa zake, hubeba pamoja maana ya chombo, uchezaji na shughuli ya uganga.

Si lazima mtu aamini pepo ili aone kilichokuwa kikitendeka. Mgonjwa aliyekuwa amejifungia ndani sasa amezungukwa na watu. Maumivu yasiyo na jina yamepewa jina. Mwili uliokuwa umekakamaa umechezeshwa. Na mara nyingi aliyepona akawa mmoja wa waganga, kwa hiyo ugonjwa wake ukamfungulia cheo badala ya kumfungia mlango. Dini nyingi zimezipinga ngoma hizi, na zina sababu zake. Lakini kasida za maulidi, dhikri za tarika na kwaya za makanisa zimeendelea kuifanya sehemu ya kazi hiyohiyo.

Mtawa aliyedhaniwa kabeba ngoma

Ubudha umefika Uganda hivi karibuni tu. Steven Kaboggoza, aliyezaliwa nchini humo mwaka 1966 katika familia ya Kikatoliki, alikwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana huko na watawa kutoka Thailand. Mwaka 2002 alivishwa joho la utawa huko California na kupewa jina la Buddharakkhita. Mwaka 2005 alirudi na kuanzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda huko Garuga, kwenye rasi ya Entebbe, karibu na maji ya ziwa lilelile la Port Bell. Mama yake mzazi baadaye naye akawa mtawa.

Bhante Buddharakkhita, kama anavyoitwa kwa heshima, ameeleza jinsi Waganda walivyomtazama siku za mwanzo. Kwa ajili ya joho lake walimdhania Mmasai. Na bakuli la duara analobebea chakula cha sadaka, wapo waliolidhania kuwa ngoma.

Kosa hilo linachekesha zaidi mtu akijua sheria za utawa. Tawi la Ubudha analolifuata, Theravada, ambalo ndilo la Sri Lanka, Thailand na Myanmar, linawakataza watawa kucheza, kuimba na kuhudhuria burudani za muziki. Waumini wa kawaida nao hujizuia hivyo katika siku maalumu za ibada. Maandiko ya kale yanamnukuu Budha akionya hata dhidi ya kuyasoma mafundisho kwa sauti ya kuimba yenye kuvutwa mno, kwa kuwa msomaji huanza kuipenda sauti yake mwenyewe na wasikilizaji hufuata utamu badala ya maana.

Basi inakuwaje kwamba anayetembelea nyumba ya watawa alfajiri husikia sauti nyingi zikipanda na kushuka pamoja? Msomaji Mwislamu hatahitaji maelezo marefu. Qur'ani husomwa kwa tajwidi, na msomaji hodari anaweza kumliza msikilizaji, lakini hakuna anayesema kwamba Qur'ani imeimbwa. Wabudha wa Theravada wanasema hivyohivyo juu ya visomo vyao vya lugha ya Kipali. Baadhi yake huitwa paritta, yaani ulinzi. Na kama vile mgonjwa wa pwani husomewa, mgonjwa wa Kibudha naye husomewa: kuna kisomo maalumu kinachohusishwa na simulizi kwamba Budha aliwasomea wanafunzi wake wawili wakubwa walipokuwa wagonjwa, kisha yeye mwenyewe alipougua akaomba asomewe.

Matawi mengine hayana ukali huo. Watawa wa Tibet hupiga ngoma na tarumbeta ndefu katika ibada. Wafuasi wa Nichiren wa Japani hurudiarudia jina la andiko lao takatifu kwa mdundo wa haraka. Mwanamuziki Tina Turner, aliyefariki mwaka 2023, alianza desturi hiyo katika miaka ya 1970 akiwa katika ndoa ya mateso, na maisha yake yote alisema kwamba ndiyo iliyompa nguvu ya kuondoka. Mwaka 2009 alishiriki katika albamu iliyoziweka pamoja sala za Kibudha na za Kikristo.

Mifano miwili ya Kibudha inafaa kukumbukwa hapa. Wa kwanza ni wa Sona, mtawa aliyejitesa kwa bidii hadi nyayo zake zikatoka damu. Budha alijua kwamba Sona aliwahi kupiga kinanda cha nyuzi, akamuuliza: nyuzi zikikazwa kupita kiasi, kinanda kinalia vizuri? Zikilegea je? Mpigaji wa adungu wa Alur au wa endongo ya Buganda angekuwa na jibu kabla ya kumaliza kusikiliza swali.

Wa pili ni wa Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mwanawe mdogo akakataa kumzika, akizunguka naye akiomba dawa. Budha alimwambia alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Alibisha hodi mlango baada ya mlango. Haradali ilikuwa kila nyumba. Nyumba isiyofiwa hakuipata. Mara nyingi kisa hiki huelezwa kama somo la kwamba kila mtu atakufa. Kwa maoni yangu, uzito wake uko katika ule mzunguko wa milango: mama alisikia misiba ya majirani zake mmoja baada ya mwingine, na jioni akaweza kumzika mtoto. Aliyewahi kukaa matangani anaijua dawa hiyo.

Mwili unavyoitikia

Yapo mambo yanayoweza kupimwa. Mtu anapopumua polepole, hasa akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, neva ndefu itokayo kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na mwili huondoka katika hali ya tahadhari. Kuimba kunalazimisha jambo hilohilo: hakuna anayeweza kuushika mstari mrefu wa wimbo bila kuitoa pumzi kidogokidogo.

Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa daktari Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Waliwapima watu 23 wenye afya njema wakati wakisali rozari kwa Kilatini, na tena wakati wakirudiarudia maneno matakatifu ya Kibudha. Sala zote mbili ziliteremsha upumuaji hadi karibu pumzi sita kwa dakika, na kwa kiwango hicho mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikaanza kwenda kwa mawimbi yanayolingana. Moyo, kwa maneno mengine, haukuuliza dini. Utafiti wa watu 23 ni mdogo, na haukupima uponyaji wa ugonjwa wowote. Lakini unatosha kumwondolea hofu yule anayedhani kwamba kutuliza pumzi ni mali ya dini moja.

Kuhusu sonona, yaani huzuni ile nzito inayodumu na kumwondolea mtu usingizi, hamu ya kula na hata hamu ya kuishi, mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Cochrane yaliona kwamba tiba ya muziki ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida huleta nafuu zaidi, angalau kwa muda mfupi, kuliko matibabu hayo peke yake. Neno la kutiliwa mkazo ni "ikiongezwa". Tena tiba ya muziki maana yake si kusikiliza redio. Ni vikao na mtu aliyefunzwa.

Tafakuri nayo imeingia hospitalini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu mazoezi aliyoyatoa katika Ubudha, akiyaondolea mavazi ya dini. Kutokana na hayo yalizaliwa mafunzo maalumu ya kuzuia sonona isirudi, na mwaka 2004 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba kiliyapendekeza kwa watu waliokwisha kupatwa na sonona mara tatu au zaidi. Magereza nayo yamejaribu: mwaka 1994, katika gereza la Tihar mjini Delhi, wafungwa zaidi ya elfu moja walikaa siku kumi za ukimya wakifundishwa kuichunguza pumzi na hisia za mwili.

Pale wimbo ulipotosha na pale ulipopungua

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ina hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2018. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono hutibiwa hapo majeraha ya mwili. Kwa miaka kadhaa sasa hospitali hiyo, pamoja na shirika moja la Kanada, imekuwa na mpango ambamo wanawake hao hutunga nyimbo kuhusu yaliyowapata, wakiongozwa kwa pamoja na mtaalamu wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki. Nyimbo hurekodiwa kitaalamu, na zinaweza kurushwa redioni au kuimbwa mbele ya jamii.

Ni rahisi kuona kwa nini njia hii ina mashiko. Mwanamke ambaye kijiji kilimnyamazisha kwa aibu anasikika, na anasikika kama msanii, si kama kesi. Maneno ambayo hayasemeki katika mazungumzo huweza kuimbwa. Kiitikio huyabeba na wenzake huyapokea. Watafiti waliofuatilia mpango huo katika kijiji kimoja cha Kivu Kusini waliripoti kupungua kwa dalili za wasiwasi, sonona na kiwewe.

Kaskazini mwa Uganda, matokeo yalikuwa tofauti. Katika kambi za waliokimbia vita vya Acholi, watafiti waliwagawa vijana 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17 katika makundi matatu. La kwanza lilifanya vikao vya kuzungumza juu ya mahusiano na misiba yao, chini ya mwezeshaji aliyefunzwa. La pili lilipewa michezo ya ubunifu: nyimbo, maigizo, sanaa na michezo ya viungo. La tatu lilisubiri zamu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kundi la mazungumzo lilipata nafuu ya sonona iliyopimika, hasa wasichana. Kundi la michezo na nyimbo halikutofautiana na waliosubiri.

Matokeo hayo huwaudhi wapenzi wa muziki, nikiwemo mimi, lakini yasifichwe. Hayasemi kwamba watoto hawakufurahi. Yanasema kwamba furaha ya saa moja haikuishusha sonona. Ukiyalinganisha na ya Panzi, tofauti inaonekana: Bukavu wimbo ulikuwa chombo cha kuusema msiba wenyewe, mbele ya mtu anayejua kusikiliza, kambini nyimbo ziliuzunguka msiba bila kuugusa. Hiyo ni tafsiri yangu, na wataalamu wanaweza kuipinga.

Tafakuri pia ina mpaka wake. Kwa watu walio wengi kukaa kimya huleta utulivu, lakini kwa baadhi ya walioteswa au walioshuhudia mauaji, ukimya ndio mlango ambao picha za zamani huingilia. Mtu akifumba macho akaanza kutetemeka au kujiona yuko tena mahali pa tukio, asilazimishwe kuendelea. Afumbue macho, akanyage ardhi, aangalie vitu vilivyo mbele yake, na atafute mtu aliyefunzwa. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayefikiria kujiua, anahitaji daktari siku hiyohiyo. Na aliyeandikiwa dawa za akili asiziache kwa ushauri wa kwaya, shehe, mchungaji wala mtawa. Nchini Uganda msaada huo hauko Butabika peke yake. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili.

Kwa walio mbali

Wasikilizaji wengi wa idhaa za Kiswahili nje ya Afrika walipitia Kampala wakiwa wakimbizi, au wana jamaa waliobaki huko. Msiba huwafikia kwa simu, mara nyingi usiku kwa sababu ya tofauti ya saa, na asubuhi wanatakiwa kazini kama kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna turubai wala mkeka, wala jirani wa kuingia bila kubisha hodi. Maziko huonekana kwenye kioo cha simu, na sauti ya kwaya au ya khitma hukatika mtandao unapolegea.

Katika hali hiyo, kurekodiwa nyimbo za matanga na kutumiwa si jambo dogo, na ni vizuri jamaa walioko nyumbani wakumbuke kulifanya. Lakini mfiwa akisikiliza peke yake chumbani anapata nusu tu ya kile ambacho ngoma, kwaya na kisomo vilikusudiwa kutoa. Jumuiya chache za ughaibuni zimejiwekea desturi kwamba habari ya msiba ikifika, watu watatu au wanne waende jioni hiyohiyo, wakae, waimbe au wasome kile ambacho mfiwa anakijua, hata kama maziko yako kilomita elfu kumi. Chakula huletwa na wageni. Mfiwa hatakiwi kusema chochote, ila akitaka kuzungumza juu ya marehemu, anaachwa azungumze hadi amalize.